Ajali Isiyo Kinga na Barabara za Uholanzi

Waswahili husema ajali haina kinga. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni muda uliokadiriwa, siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Ndiyo maana, likitajwa msibani, huliwaza. Mwaka 1972 mwandishi wa habari wa Kiholanzi, Vic Langenhoff, alilikataa liwazo la namna hiyo. Binti yake wa miaka sita alikuwa amegongwa na gari akiwa juu ya baiskeli, akafa. Katika gazeti la De Tijd aliandika makala yenye kichwa “Stop de kindermoord”, yaani komesheni mauaji ya watoto. Hakusema vifo.

Mwaka 1971 barabara za nchi hiyo ziliua watu zaidi ya 3,000, na miongoni mwao watoto zaidi ya 400. Aitazamaye Uholanzi leo hudhani kuwa watu wake huzaliwa na baiskeli. Sivyo. Tangu miaka ya 1950 baiskeli zilikuwa zikipungua. Nyumba za kale zilibomolewa kupisha magari, mifereji ikafukiwa, viwanja vya miji vikawa maegesho. Mwaka 1967 mhandisi wa Kimarekani, David Jokinen, alipendekeza hata barabara kuu za magari zipenye ndani ya Amsterdam. Mpango wake haukutekelezwa, ila fikra yake ndiyo iliyotawala wakati ule.

Makala ya Langenhoff ikazaa jumuiya iliyojiita kwa kichwa chake, ikiongozwa na mama kijana, Maartje van Putten. Wazazi walifunga mitaa ili watoto wacheze. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1973, nchi za Kiarabu zikaizuilia Uholanzi mafuta, na serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili. Familia zikatembea katikati ya barabara kuu, na kila mtu akajionea kwa macho yake nafasi iliyokuwa imechukuliwa.

Huko Delft kazi ilikwisha kuanza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 baadhi ya mitaa ilipangwa upya: njia ya gari na ya miguu zikawa moja, miti na mabenchi yakawekwa, njia ikapindwa makusudi, dereva akalazimika kwenda mwendo wa mtu. Mtaa wa aina hiyo, woonerf, ulitambuliwa na sheria mwaka 1976. (Kwa mkaazi wa Mji Mkongwe jambo hili si geni, vichochoro havijapata kumtaka mwenye miguu apishe.) Tilburg na The Hague nazo zikajengewa njia za baiskeli zilizotengwa na magari, wenye maduka wakinung’unika.

Mwaka 2010 watoto waliokufa barabarani walikuwa 14. Mwaka 2022 wapanda baiskeli 291 walipoteza maisha, wengi wao wazee: kizazi kile kile cha wazazi waliofunga mitaa.