Tiba Iliyokimbia Hesabu

Katika Mto East jijini New York, kati ya Bronx na kisiwa cha magereza cha Rikers, kuna kisiwa kidogo kiitwacho North Brother, chenye ukubwa wa ekari 20 hivi. Kwa muda mrefu jiji lilipeleka huko watu ambao halikutaka kukaa nao. Mwaka 1885 ilihamishiwa huko Hospitali ya Riverside, ya wagonjwa wa ndui na maradhi mengine ya kuambukiza. Mary Mallon, mpishi mzaliwa wa Ireland aliyewaambukiza waajiri wake homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua, alizuiwa huko mara mbili, na mara ya pili hakutoka mpaka mauti yalipomkuta mwaka 1938. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakakaa wanajeshi waliorudi masomoni pamoja na wake na watoto wao. Kisha, Julai 1952, wakaja watoto wa unga.

Heroini ilikuwa imewaingia vijana wa Harlem na mitaa ya jirani, na mwaka 1951 habari zake zilisikika kwenye vikao vya hadhara vya uchunguzi. Serikali kuu ilikuwa na hospitali ya waraibu huko Lexington, Kentucky, tangu 1935, lakini iliandaliwa kwa ajili ya watu wazima. Riverside ikafunguliwa upya kwa walio chini ya miaka 21, wavulana kwa wasichana, ikiwa na madaktari wa akili, maofisa ustawi wa jamii na shule humo humo kisiwani. Wengi walifikishwa na mahakama. Walipita kwenye arosto, wakala, wakanenepa, wakasoma, kisha wakapandishwa kivuko kurudi mtaa ule ule, kwa muuzaji yule yule.

Kufikia hapo hadithi inafanana na za vituo vingi. Kilichoitofautisha Riverside ni kwamba ilikubali kupimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, chini ya Ray Trussell, walichukua orodha ya wote waliolazwa mwaka 1955, vijana 247, wakaenda kuwatafuta mmoja mmoja. Karibu wote waliopatikana walikuwa wamerudia heroini. Walioonekana hawatumii walikuwa wanane, na hao wanane walikuwa na maelezo yao: hawakuwahi kuwa mateja tangu mwanzo, walikamatwa tu. Trussell baadaye akawa kamishna wa hospitali wa jiji, na mwaka 1963 Riverside ikafungwa.

Ni nadra serikali kujipima hivyo na kuyakubali majibu. Waliokuja baada yake hawakuiga hata kidogo.

Upande wa pili wa nchi, huko Ocean Park, California, mlevi aliyeacha pombe aitwaye Charles Dederich alikuwa ameanzisha Synanon mwaka 1958, kwa hundi ya dola 33 ya malipo ya wasio na kazi. Alitokea katika chama cha walevi wanaosaidiana kwa hatua 12, hatua zile zile zinazofuatwa leo katika soba hausi za Unguja, lakini aliona upole wao umezidi. Yeye alibuni kitu alichokiita Mchezo. Watu wanakaa duara, mmoja anakamatwa kwa maneno: uongo wake, uvivu wake, namna alivyomwibia mama yake, namna anavyolia sasa ili aonewe huruma. Wenyeji wa pwani wanaojua kusutwa watapata picha, ila huku kusuta kulikuwa ndiyo dawa na kulirudi mara kadhaa kwa wiki. Masharti makuu yalikuwa mawili, hakuna dawa za kulevya na hakuna kupigana. Mlango ulikuwa wazi; asiyeweza kustahimili aliondoka.

Mlango huo ndio uliobeba jambo lote. Teja mwenye miaka 35, aliyekwisha fungwa na kupoteza ndugu, akiamua mwenyewe kukaa kwenye kiti hicho, huenda kikamfaa, na wako waliosema kiliwaokoa. Mwaka 1962 Seneta Thomas Dodd aliisifu Synanon kama muujiza, na miaka mitatu baadaye kampuni ya Columbia Pictures ikaitolea filamu. Hata hivyo Dederich mwenyewe alifika mahali akakiri kwamba wengi wanaotoka wanarudia. Dawa yake kwa hilo ilikuwa rahisi: asitoke mtu. Synanon ikageuka makazi ya maisha, na mwaka 1974 ikajitangaza kuwa dini.

Katika miaka hiyo ilianza kupokea vijana watukutu, wengine kwa amri ya mahakama, na sharti la kutopigana likafia kwao. Hawakuja kwa hiari, hawakutishika na maneno, basi wakachapwa. Kutoka hapo kipigo kikahamia kwa wakubwa pia. Tarehe 10 Oktoba 1978 wakili Paul Morantz, aliyekuwa ameishinda Synanon mahakamani, aliingiza mkono kwenye sanduku lake la barua akaumwa na nyoka aliyekatwa njuga ya mkiani ili asisikike. Aliponea chupuchupu. Mwaka 1980 Dederich hakupinga mashtaka ya kula njama ya kuua, akapewa kifungo cha nje.

Mchezo, hata hivyo, ulikuwa umeshahama. Huko Fort Lauderdale, Florida, mchekeshaji wa zamani Art Barker alifungua The Seed mwaka 1970, kwa ajili ya vijana wa shule ambao wengi walikutwa na bangi tu. Barker alitangaza mafanikio ya asilimia 90, na fedha za serikali zikamfuata. Mwaka 1974 kamati ya Seneti chini ya Sam Ervin ilifananisha njia zake na zile ambazo Wakorea Kaskazini walizitumia dhidi ya wafungwa wa vita wa Kimarekani. Fedha zikakauka. Miaka miwili baadaye, mjini St. Petersburg, baadhi ya wazazi waliopeleka watoto The Seed wakaanzisha Straight.

Mtoto mgeni wa Straight alitembezwa akiwa ameshikwa suruali kwa nyuma, kwenye kitanzi cha mkanda, na kijana aliyemtangulia kuingia. Mchana kutwa walikaa kwenye viti, wakirusha mikono hewani kwa nguvu ili wapewe nafasi ya kusimama na kujisuta. Usiku walilala kwa familia za vijana waliotangulia, milango ikiwa imefungwa. Nancy Reagan, mke wa rais, alikuja kuwatazama, na mwaka 1985 alimleta Diana, mke wa Mwanamfalme wa Wales. Sijui kama wageni hao waliuliza swali lolote kuhusu milango. Mwaka 1983 baraza la mahakama lilikuwa tayari limeamuru mwanafunzi wa chuo kikuu alipwe dola 220,000 kwa kuzuiliwa Straight kinyume cha matakwa yake, lakini yeye alikuwa mtu mzima. Kwa mtoto kesi ya namna hiyo ilikuwa ngumu zaidi: katika shauri la Parham la 1979 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba mzazi anaweza kumlaza mwanawe katika hospitali ya akili bila kesi kusikilizwa kwanza, mradi daktari akubali. Straight ilifungwa mwaka 1993. Watu wake na mbinu zake vilisambaa katika vituo vingine, hadi nje ya nchi. Kituo kingine, Tranquility Bay cha Jamaika, kilipokea watoto wa Kimarekani kuanzia 1997 hadi 2009.

Wazazi hawa si wa kulaumiwa kirahisi. Mtu aliyemkuta mwanawe na sindano bafuni hulipa chochote anachoambiwa, na aliyeambiwa asilimia 90 hana muda wa kuuliza ni asilimia 90 ya nani.

Oktoba 2007 wakaguzi wa Bunge la Marekani walieleza vifo 10 walivyovichunguza kwa kina, pamoja na wafanyakazi 1,619 waliohusishwa na unyanyasaji vituoni mwaka 2005 katika majimbo 33. Hesabu ya nchi nzima hawakuipata, kwa sababu hakuna ofisi iliyoitunza. Mwaka 2020 nyota wa televisheni Paris Hilton alisimulia hadharani miezi 11 aliyokaa katika shule ya Provo Canyon, Utah, na mwaka uliofuata jimbo hilo likakaza sheria yake. Wamiliki walijibu kwamba shule ilibadilisha mikono mwaka 2000, baada ya yeye kuondoka.

Desemba 2024 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 373 dhidi ya 33 sheria ya kukomesha unyanyasaji wa watoto vituoni, na Rais Biden akaitia saini mwezi huo huo. Haikufunga kituo hata kimoja. Agizo lake kubwa ni kwamba Akademia za Taifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba zichunguze hali ya vijana waliomo vituoni, ukubwa wa unyanyasaji na idadi ya wanaofia humo, kisha ziripoti.