Magazeti ya kaunti Marekani: yalivyokua, yalivyotikisa, yanavyokufa

Katika karne ya 19, mji mdogo wa Marekani haukujiona mji mpaka uwe na mahakama ya kaunti, kanisa na gazeti. Mara nyingi gazeti lilikuwa la mtu mmoja: ndiye mhariri, ndiye mpanga herufi, ndiye mdai madeni. Wasomaji wasio na fedha walimlipa kuni au mahindi.

Serikali iliyabeba magazeti hayo. Mwaka 1851 Bunge liliagiza posta iyasafirishe bure magazeti ya wiki ndani ya kaunti yanakochapishwa. Sheria zikataka pia minada, mirathi na madeni ya kodi yatangazwe gazetini, na malipo yake yakawa tegemeo la wahariri wengi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 na wachapaji wakaenda kupigana, mhariri Ansel Kellogg wa Baraboo, Wisconsin, aliagiza kutoka Madison karatasi zilizokwisha kuchapwa upande mmoja. Upande wa pili akaujaza habari za nyumbani.

Habari hizo ndizo zilizouza gazeti. Waandishi wa vijijini, wengi wao wanawake, walileta kila wiki yaliyojiri kwao: nani kamtembelea nani, nani kajifungua, mvua imenyesha kiasi gani. Wa jijini walicheka. Mwenyeji alitafuta jina lake.

Mhariri aliyeaminiwa kwa madogo ndiye aliyethubutu kusema makubwa. William Allen White, aliyenunua Emporia Gazette ya Kansas kwa dola 3,000 mwaka 1895, aligombea ugavana mwaka 1924 ili kulipinga kundi la wabaguzi la Ku Klux Klan. Huko North Carolina, W. Horace Carter wa Tabor City Tribune alilianika kundi hilo hadi wanachama wake wengi wakatiwa hatiani. Gazeti lake likawa mojawapo ya mawili yaliyotunukiwa tuzo ya uandishi wa habari ya Pulitzer, kitengo cha utumishi kwa umma, mwaka 1953. Katika kaunti ya Holmes, Mississippi, mhariri Hazel Brannon Smith alikemea ukatili waliofanyiwa Wamarekani Weusi. Alipata Pulitzer mwaka 1964, lakini wazungu walimsusia matangazo, madeni yakamwelemea, na mwaka 1985 akafilisika.

Baadaye intaneti ikachukua matangazo madogo madogo, na kampuni kubwa zikanunua magazeti na kupunguza waandishi. Kwa hesabu za Chuo Kikuu cha Northwestern, zaidi ya thuluthi ya magazeti ya Marekani yamefungwa tangu mwaka 2005, na kaunti zaidi ya 200 hazina chombo chochote cha habari cha kwao.

Hasara yake si ya wasomaji peke yao. Watafiti wa fedha wamebaini kuwa gazeti la mahali likifungwa, serikali ya hapo hutozwa riba kubwa zaidi inapokopa, kwa kuwa hakuna tena anayeichunguza. Anayelipa riba hiyo ni mwananchi, kupitia kodi yake.