Senema Bubu na Uwanda wa Makonde

Mwaka 1906, moshi wa Vita vya Maji Maji ukiwa bado haujatoweka katika nchi za kusini, Mjerumani mmoja, Dakta Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig, aliondoka Lindi na wapagazi wake akafika Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Matola, mkuu wa Wayao, kisha akaupanda uwanda wa Makonde hata Newala na Mahuta. Na miongoni mwa mizigo iliyochukuliwa vichwani na wapagazi wale mlikuwamo vyombo viwili vigeni katika nchi ile, kimoja cha kunasa sauti katika nta na kimoja cha kunasa picha ziendazo. Chombo cha picha husimamishwa juu ya miguu mitatu, na mwenyewe huuzungusha mkono wa chombo kwa mwendo wa sawasawa, kwani akilegea kidogo wachezaji huonekana baadaye wakirukaruka kama waliopagawa, na akiharakisha hujikokota kama wenye usingizi. Ngoma za Wayao, Wamakua na Wamakonde zikaingia katika utepe, zikasafirishwa hadi Ulaya, na baadhi yake zingalipo hata leo. Hivyo watu wa Masasi na Newala waliipa senema sura zao na nyendo zao kabla senema haijawapa hata hikaya moja, na deni hilo, kwa rai yangu, lingelipwa vyema kwa kuzionyesha picha zile huko huko zilikotoka, mbele ya wazee wanaojua kila hatua ya mguu ni ya ngoma gani.

Weule hakutunga kisa; katika picha zake hamna mpenzi, wala mwizi, wala farasi. Visa vilikuwa vikizaliwa kwingine. Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1906, katika mji wa Melbourne, ilionyeshwa The Story of the Kelly Gang, hikaya ya majambazi wa Australia iliyopita muda wa saa nzima, nayo aghalabu huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya kisa duniani. Wamarekani walikuwa wamekwisha kuonja utamu wa farasi na bastola tangu 1903, katika The Great Train Robbery, isiyotimiza hata robo saa.

Mwaka 1916, Charlie Chaplin alipokuwa akiwachekesha walimwengu kwa bakora yake na viatu vyake vipana, Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimefika nchi za kusini: Newala ilitwaliwa mwezi wa Oktoba na Wareno waliovuka mto Ruvuma, na kabla ya Novemba kwisha Wajerumani wakawatoa. Mwaka uliofuata majeshi ya jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, yakapita katika nchi hizo yakirudi nyuma mpaka yakavuka kuingia Msumbiji. Nchi iliyotwaliwa vijana wake kuwa wapagazi na nafaka yake kuwa posho ya askari ingewezaje kuwa na nafasi ya visa vya mahaba?

Pwani mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1921 Hassanali Adamji Jariwalla alifungua Unguja jumba la Royal, lililochorwa na J. H. Sinclair, na mwaka huo huo Chaplin akatoa The Kid. Katika senema bubu maandishi machache hukatiza picha, walakini asiyejua kusoma hapungukiwi na kitu kikubwa: mwanamke akigeuza uso huku jicho likibaki nyuma, au tajiri akijipapasa mfukoni akakuta hamna kitu, habari imekwisha kufika. Hata jina la Unguja likatiwa katika biashara ile. West of Zanzibar ya mwaka 1928, iliyoongozwa na Tod Browning, ilimweka mwigizaji Lon Chaney kuwa bwana wa viinimacho aliyepooza miguu, aendaye Afrika kutimiza kisasi; na Afrika hiyo, iliyojengwa Marekani, si kitu ila pori na watu wepesi wa kudanganyika. Nasema bila ya kusita kwamba hiyo ni dhuluma, ijapokuwa uhodari wa Chaney haukanushiki.

Wakati huo wanaume wa Masasi na Newala walikuwa wakienda kwa mkataba katika mashamba ya katani ya Lindi na Tanga, wakiitwa manamba. Na ni katika mashamba ya katani ambako Meja L. A. Notcutt, akiwa msimamizi, alifikiri mwaka 1926 kwamba senema yaweza kuwaridhisha vibarua. Fikira hiyo ikazaa, baina ya 1935 na 1937, kazi iliyofanywa Vugiri katika milima ya Usambara kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani: filamu thelathini na kitu, picha zenyewe zikiwa bubu na maneno yakitoka katika santuri. Mojawapo yahusu vibarua wawili, mmoja anayepeleka mshahara wake benki ya posta na mwingine anayeuzika ardhini, mwizi akaja akaufukua.

Nia ilikuwa kufundisha, na wakubwa wa kazi za namna hiyo, kama William Sellers wa Colonial Film Unit, idara ya Waingereza ya filamu za makoloni iliyoanzishwa 1939, walishikilia kwamba Mwafrika apewe picha za polepole zisizo na hila za mafundi, kwa kuwa hazielewi. Rai hiyo siikubali, na ushahidi wangu ni uwanda wa Makonde wenyewe. Vijana wanapotoka jandoni huja mchezaji aliyefunikwa uso kwa kinyago, naye amejifunga kifuani na tumboni ubao uliochongwa kwa umbo la mwanamke mjamzito, wenye matiti, kitovu kilichotokeza na chale za nta. Mchezaji ni mwanamume, hasemi neno, na kwa mwendo mzito wa kiuno na magoti huonyesha taabu yote ya kuchukua mimba, ngoma zikimfuata. Watazamaji wake humfahamu kila anapoinama na kila anaposita, na wakati wa kucheka hawaambiwi na mtu.