Minofu Ng'ambo, Mgongo Wazi Nyalenda: Historia ya Maktaba ya Ziwa Letu

Anayepita mtaa wa Nyalenda, Kisumu, jioni, upande wa Ring Road, hunusa mgongo wazi kabla hajaliona karai. Ni kile kinachobaki samaki aitwaye mbuta anapotoka kiwandani: kichwa, uti, mkia, na nyama kidogo iliyoshikilia mbavu. Minofu imekwisha kukatwa ikapelekwa ng'ambo. Mama hukausha mgongo juani, huukaanga kwenye mafuta mengi, na mteja huula kwa ugali mpaka mfupa ubaki mweupe. Tumelelewa nao, na tunaupenda. Lakini mimi kila nikiukwanyua huwaza vitabu, kwa sababu maarifa ya ziwa hili la Victoria nayo yalivuliwa hapa, yakakatwa minofu, yakasafirishwa. Historia ya maktaba za sayansi za Kisumu ni historia ya kuirudisha minofu hiyo.

Tuanze na kitabu kimoja. Mwaka 1927 serikali za kikoloni zilimwita Michael Graham, mtaalamu wa samaki kutoka maabara ya uvuvi ya Lowestoft, Uingereza, aje kulichunguza ziwa. Nyavu za kutega kutoka Ulaya zilikuwa zimeingia Ghuba ya Winam, wakati huo ikiitwa Kavirondo, tangu 1905, na samaki waitwao ngege walikuwa wakipungua. Graham alizunguka ziwa zima mwaka 1927 na 1928. Ripoti yake ilichapishwa London mwaka 1929. Ndiye aliyemwandikia ngege jina la kisayansi, Tilapia esculenta, ambalo leo limegeuka kuwa Oreochromis esculentus. Esculenta ni Kilatini cha kusema analiwa, jambo ambalo Dunga nzima, ufukoni mwa Kisumu, ilikuwa inalijua.

Ripoti hiyo ilikuwa na mambo mawili mazito. La kwanza, nyavu zisiwe na matundu chini ya inchi tano, ili ngege wadogo wapite wakue. La pili, asije mtu akaleta ziwani samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine kabla ya utafiti wa kina, maana hatari yake ni kubwa mno. Yalikuwa yameandikwa wazi, yakapigwa chapa, yakawekwa rafuni. Rafu zenyewe zilikuwa mbali, na lugha ilikuwa Kiingereza. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 mbuta, samaki wa aina hiyo hiyo iliyoonywa, alitiwa ziwani. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa kote, na aina nyingi za fulu, wale samaki wadogo wa kila rangi, zikatoweka. Sisemi kwamba kitabu kingekuwa Kisumu mbuta asingeletwa. Walioamua walikuwa na njia ya kukisoma. Nasema waliokuja kuishi na uamuzi huo hawakuwa nayo.

Maktaba ya kwanza ya kweli ya sayansi ya ziwa haikujengwa Kisumu. Ilikuwa Jinja, Uganda, penye mlango wa Nile, ambako shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki, EAFRO, lilianzishwa mwaka 1947 chini ya uongozi wa Beauchamp. Humo alifanya kazi Rosemary Lowe, aliyechunguza ngege na jamaa zake, na Humphry Greenwood, aliyewapa fulu majina mmoja mmoja kwa uvumilivu wa kushangaza. Geoffrey Fryer naye alifanya kazi huko, na mwaka 1960 alipinga kwa maandishi kuletwa kwa mbuta. Makaratasi ya hao wote yalihifadhiwa Jinja. Enzi hizo Jinja haikuwa mbali kwa mtafiti wa Kisumu. Shirika lilikuwa la pamoja, meli za reli zilikata ziwa kutoka bandari hadi bandari, na ripoti za mwaka ziligawiwa nchi zote tatu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Kwa kawaida tukisimulia mvunjiko huo tunataja ndege, mabehewa na meli, nani alibaki na nini. Vitabu havitajwi. Ilhali maktaba iliyokusanywa kwa miaka thelathini, kwa ajili ya ziwa lenye pwani tatu, ilibaki upande mmoja wa mpaka. Kenya ilianzisha taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, mwaka 1979, makao yake makuu yakiwa Mombasa na Kisumu ikiwa na kituo cha ziwa.

Ukitaka kujua njaa ya makala ya kisayansi ilivyokuwa, angalia mradi ulioanzishwa Mombasa mwaka 1989 kwa jina la RECOSCIX-WIO, kwa msaada wa Ubelgiji na tume ya bahari ya UNESCO. Ulikuwa wa nchi za magharibi mwa Bahari ya Hindi, na makao yake yalikuwa humo humo KMFRI. Mtafiti aliandika anachotaka: jina la jarida, mwaka, kurasa. Ombi lilipokelewa Mombasa likapelekwa Ubelgiji, kwenye maktaba ya chuo kikuu cha Limburg. Huko mtu aliliteremsha jarida rafuni, akatoa fotokopi, akaitia bahasha. Karatasi kumi juu ya samaki wa Kenya zilipanda ndege kutoka Ulaya ili zisomwe Kenya. Ule ulikuwa utumishi mzuri kupita kiasi, na ulijenga mazoea ambayo wakutubi wa Afrika wameyashika hadi leo: usipokuwa na kitabu, ujue aliye nacho.

Kwetu huku chuo kikuu kilikuja mwaka 1990. Taasisi ya mafunzo ya serikali ya Maseno na chuo cha walimu cha Siriba viliunganishwa kuwa chuo kishiriki cha Moi, na mwaka 2001 Maseno ikawa chuo kikuu kamili. Ni kilomita kama ishirini na tano kutoka Nyalenda, matatu za njia ya Busia, pale mstari wa ikweta unapokata barabara. Bondo ilifuata: chuo kishiriki mwaka 2009, kisha mwaka 2013 kikapewa hati kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga.

Maktaba nyingi za vyuo vikuu vya Kenya hupanga vitabu kwa mfumo wa Library of Congress, na hapo kuna jambo la kupendeza. Ngege aliye mnyama hukaa kwenye rafu ya QL. Ngege aliyevuliwa yuko SH, kwa mambo ya uvuvi. Ngege aliyepikwa yuko TX. Anayefanya tasnifu juu ya samaki huyo atatembea rafu tatu, na mkutubi anayejua kazi yake humwonyesha njia kabla hajapotea. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema intaneti imemstaafisha mkutubi.

Intaneti yenyewe ilikuja kwa kuchechemea. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilitoa TEEAL, majarida ya kilimo na sayansi za viumbe yaliyojazwa kwenye sahani za CD ndani ya kasha, kwa vyuo visivyo na mtandao wa kutegemewa. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilifungua HINARI, iliyowapa wasomaji wa nchi maskini majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Mwaka 2003 FAO ikafuata na AGORA kwa kilimo, samaki wakiwemo. Mwaka huo huo wa 2003 maktaba za Kenya ziliungana katika ushirika wa KLISC ili zilipie majarida kwa pamoja. Hilo la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi, kwa sababu halikuwa msaada. Ilikuwa harambee. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, kurasa zikaanza kufunguka kabla msomaji hajakata tamaa.

Sasa nirudi Nyalenda, maana Nyalenda nayo imo rafuni. Miaka nenda miaka rudi vijana wenye hojaji wamepita Nyalenda A na Nyalenda B, wakiuliza juu ya visima vyetu, vyoo, kipindupindu, vibanda vya maji, mafuriko ya mto Auji. Mama anaacha kufua, anajibu maswali arobaini, anaagana na mgeni, na hamwoni tena. Majibu yake yanaenda kuwa sura ya nne ya tasnifu ya mtu. Zamani sura hiyo iliishia kwenye jalada gumu, chumba cha tasnifu, kwa wenye kitambulisho cha chuo. Siku hizi Maseno na Jaramogi Oginga Odinga wana hazina za kidijitali zilizo wazi, na aliyehojiwa anaweza kusoma alivyoandikwa, akiwa na simu na bando la kutosha. Nadhani ni deni linalolipwa, tena kwa kuchelewa, na ningependa kila mwenye hojaji aache anwani ya hazina hiyo mlangoni kabla hajaondoka.

Hata Jinja imerudi. Taasisi ya Uganda iliyorithi ile maktaba ya 1947 iliweka maandishi yake mengi kwenye hazina ya wazi iitwayo Aquatic Commons, ambayo sasa imeunganishwa na nyingine kuwa AquaDocs. Ngege mwenyewe karibu aishe katika ziwa kuu, ila bado anapatikana kwenye maziwa madogo kama Kanyaboli, Siaya. Maelezo juu yake hayajaisha.

Jioni moja nilikuwa Dunga, kwa mama mmoja mzee anayekaanga samaki, nikifungua simuni orodha ya samaki wa ziwa. Nikaanza kumsomea majina ya Kijaluo: ngege, mbiru, fulu, kamongo, mumi, seu. Kila jina aliitikia kwa kichwa huku akigeuza vipande kwenye karai. Nilipofika ningu mkono ukasimama.

"Hebu rudia hilo," akasema. "Limeandikwa?"

Nikamwonyesha. Akafuta vidole kwenye leso, akaishika simu mwenyewe.