Mwanga Uliofunika Mwitanzige

Zamani "bright" ilikuwa "beorht", neno la Kiingereza cha kale lililosifu jua, upanga, hata sauti. Baadaye r ikaruka mbele ya irabu. Maana ya mtoto mwenye akili, ile tuliyoizoea shuleni, ilikuja karne ya 18. Ndugu zake wa Kijerumani cha kale walijificha kwenye majina ya watu: Robert, mwenye sifa ing'aayo, Albert, mwenye ukoo bora ung'aao.

Mwaka 1864 Samuel Baker alifika kwenye ziwa la Bunyoro, akaliita Albert, jina la marehemu mume wa Malkia Victoria. Wenyeji waliliita Mwitanzige, muua nzige. Ramani ikachukua la mgeni. Enzi za Mobutu, Zaire ililifuta Albert na kuandika Mobutu Sese Seko. Mwitanzige halikurudishwa.