Fort Jesus: Mawe na Watu

Jumamosi iliyopita nilishinda Mji wa Kale, Mombasa, nikitembea kwa miguu. Nilianzia Bandari ya Kale, nikaifuata Ndia Kuu hadi Fort Jesus. Nikalipa kiingilio, nikapanda juu ya kuta zinazotazama bahari.

Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Ukizitazama kuta zile nene za matumbawe, utadhani hapana awezaye kumtoa aliyemo ndani. Historia yasema vingine.

Mwaka 1614 Sultani Hasan wa Mombasa aliuawa kwa njama za Wareno. Mwanawe Yusuf alilelewa Goa, akabatizwa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala. Walidhani wamepata mtu wao. Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba amekuja kuzuru, akamuua kapteni. Ukuta ungemzuiaje, naye alipita mlangoni? Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 1696 Waomani wakaizingira ngome. Maradhi yakawamaliza askari wa Kireno, hata ilipofika Agosti 1697 aliyeongoza ulinzi alikuwa Daud wa Faza, Mswahili wa visiwa vya Lamu. Alikuwa na jamaa zake na Waafrika wachache, wengi wao wanawake. Ngome ya mfalme wa Ureno ikawa mikononi mwa watu wa pwani hii, nao wakaishikilia mpaka msaada ulipofika. Waomani waliitwaa Desemba 1698.

Wareno walirudi mwaka 1728. Mwaka uliofuata wenyeji waliwachoka, wakawatoa.

Hapo ndipo ninapotaka tutafakari. Ngome hii ilisimama pale watu walipokubali kuilinda, na ilianguka walipokataa. Hata Waingereza, walioifanya jela tangu 1895 hadi 1958, waliondoka nchini na kuta zikiwa zima.

Tuwapelekapo watoto wetu Fort Jesus, kwanza huwaonyesha mizinga. Si vibaya. Lakini tuwatajie pia Daud wa Faza, na wale wanawake waliokesha kutani pamoja naye. Majina ya makapteni yameandikwa vitabuni. Ya wanawake wale hatunayo. Nasi tukinyamaza, watoto watadhani ngome ililindwa na mawe.