Moshi na Samaki wa Ziwa Victoria

Samaki ni chakula kisichongoja. Avuliwapo alfajiri katika nchi ya joto kama yetu, jua la adhuhuri humkuta amekwisha kuanza kuharibika. Watu wa zamani waliokaa kando ya Ziwa Victoria hawakuwa na barafu. Walikuwa na jua na moshi. Visamaki vidogo, ambavyo Wajaluo huviita fulu, vilianikwa juani hata vikakauka kama vijiti. Lakini kambare na kamongo, wenye minofu minene, hawakukauka upesi namna hiyo, na hao ndio waliopandishwa juu ya moto.

Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, nayo ilifanyika nyumbani. Samaki hupasuliwa, akatolewa matumbo na kuoshwa. Kisha hulazwa juu ya uchaga, na chini yake huwekwa moto, si moto wa kuwaka kwa ndimi, bali wa kufuka. Joto humwondolea maji, na pasipo maji vidudu viozeshavyo havistawi. Moshi nao una dawa zake: hutoa katika kuni mvuke wa namna nyingi, na baadhi yake huzuia vidudu hivyo, na kuyazuia mafuta ya samaki yasichache upesi. Mama aliyekaa penye uchaga hakufundishwa kemia, lakini alijua ni kuni zipi za kutumia na zipi humtia samaki uchungu. Mimi huuita ujuzi huo elimu, ingawa haukuandikwa daftarini.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Mwaka 1905 zikaletwa nyavu za kigeni, na ngege, samaki apendwaye kuliko wote, akavuliwa hata akapungua. Basi wakuu wa serikali ya kikoloni wakafikiri kutia ziwani samaki mgeni, mkubwa, mla samaki wenzake, ili awageuze fulu kuwa minofu ya kuuza. Huyo ni sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta. Aweza kupata urefu wa meta 2. Wataalamu hawakukubaliana. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer aliandika makala ya kuonya juu ya jambo hilo; lakini mwaka huo huo sangara alikwisha kuonekana ziwani upande wa Uganda, na katika 1962 na 1963 wakatiwa wengine zaidi.

Kwa muda wa miaka mingi hakuonekana sana. Kisha, karibu na mwaka 1980, nyavu za upande wa Kenya zikajaa sangara, na fulu wa aina nyingi sana wakatoweka. Mabadiliko hayo yaliingia hata uani. Fulu alikaushwa na jua, ambalo halina bei. Sangara ana mafuta mengi, na akianikwa juani mafuta hayo huchacha kabla nyama haijakauka. Ilibidi akatwe vipande, apakwe moshi au akaangwe kwa mafuta yake mwenyewe. Hivyo kila samaki aliyefika pwani ya ziwa alidai kuni, na miti ya vijiji ikakatwa. Hata hivyo wanawake wengi walifaidika: walinunua kwa wavuvi, wakabanika usiku, wakapeleka sokoni mikoa ya mbali. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi, na vifua vilikohoa, lakini karo za watoto zililipwa.

Faida hiyo haikudumu. Katika miaka ya 1980 vilianza kujengwa viwanda vya kukata minofu na kuigandisha kwa ajili ya Ulaya. Malori yenye barafu yakaja mpaka penye mitumbwi, na mwenye lori alilipa bei ambayo mwenye uchaga hakuiweza. Barafu, iliyokosekana tangu zamani, ilikuja hatimaye. Ila haikuja kwa ajili ya jiko la kijijini. Sangara mzuri akapita mbele ya mlango wa mama aliyekuwa akimbanika jana, akaenda zake ng'ambo. Mwaka 1999 nchi za Umoja wa Ulaya zilipokataa samaki wa ziwa hili, kwa hofu kwamba walivuliwa kwa sumu, bei ilianguka; marufuku ilipoondolewa, malori yakarudi.

Kilichobaki kwa wanawake ni kile ambacho mashine hazikukitaka: kichwa, mkia, na uti wa mgongo wenye nyama kidogo pembeni. Watu wa Kisumu walikipa jina, mgongo wazi. Katika mtaa wa Obunga mifupa hiyo ilinunuliwa kutoka viwandani, ikaanikwa, ikakaangwa katika masufuria makubwa, ikauzwa kwa watu wasioweza kununua minofu. Moto ni ule ule, na mikono ni ile ile. Samaki ndiye aliyekwenda mahali pengine.